Anayezima Kengele

Katika kitengo kile cha watoto wachanga palikuwa na sheria moja ambayo haikubandikwa ukutani, na bado kila aliyefanya kazi pale aliijua kuliko alivyojua jina la mganga mkuu: anayezima kengele ndiye mwenye kengele. Ukibonyeza kile kitufe cha kuinyamazisha mashine, umejitwika mzigo. Huwezi kuizima kisha ukaenda zako kunywa chai. Utasimama hapo hapo, utazame inalalamikia nini, uimalize shida yake, ndipo uondoke. Aliyeileta sheria hiyo alikuwa muuguzi mkubwa wa kitengo, mama mfupi mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, na kwa jinsi alivyoihubiri asubuhi na jioni, vijana wakamwita Mama Kengele. Alilijua jina hilo siku nyingi, akajifanya hajalisikia.

Siku hiyo Mama Kengele hakuwa kazini. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki cha wageni, ndani ya kitengo chake mwenyewe, amevaa lile gauni la njano wanalovalishwa ndugu wa wagonjwa, limefungiwa nyuma kama la mtoto wa chekechea. Aliyelala kwenye inkubeta, lile sanduku la kioo la kupashia watoto joto, mbele yake alikuwa mjukuu wake wa kwanza, aliyezaliwa jana kabla ya miezi yake kutimia, maambukizi yakiwa yameshaingia kwenye damu. Daktari wa watoto, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimzuia mlangoni asubuhi.

"Mama, leo wewe ni bibi tu," alimwambia. "Kaa na mwanao, mshike mkono, ombeni. Mashine tuachie sisi."

Akakubali, kwa kuwa yeye mwenyewe angesema hivyo hivyo. Wahenga walishasema mganga hajigangi, na wahenga hawakuwahi hata kuiona inkubeta. Akavua sare, akaikunja, akaifungia kabatini. Tabu ni kwamba macho hayavuliki kama sare.

Mzazi wa kawaida akiingia mle anaona taa, nyaya, mirija, na katikati ya vyote hivyo mtoto anayeweza kulala kwenye kiganja. Anaogopa kila kitu kwa mkupuo, na hofu ya namna hiyo ina nafuu yake, maana haijui ishike wapi. Hofu ya Mama Kengele ilijua pa kukaa. Ilikaa kwenye namba moja ya monita, kile kioo cha kuonyesha presha na mapigo, ile ndogo iliyo ndani ya mabano, chini ya namba kubwa mbili za presha. Kwa mtoto wa umri ule, namba hiyo haitakiwi kushuka chini ya thelathini. Alfajiri ilikuwa ishirini na mbili. Walimpa maji ya chumvi kwenye mshipa, polepole, ikasogea kidogo ikarudi. Ndipo wakamfungia dawa ya kupandisha presha, nayo ikaanza kupanda kwa kusuasua hadi ikafika thelathini na tatu, ikatulia hapo.

Thelathini na tatu. Mama Kengele aliitazama mpaka macho yakamwasha. Alijua kinachotokea presha ikianguka. Ni kama maji ya bomba mtaani, yakipungua nguvu nyumba za mwisho ndizo zinazokauka kwanza. Miguu inapoa, kisha figo zinasimama na mkojo unakatika, na mwisho kabisa ni ubongo. Aliwahi kuwaona watoto waliofika mwisho huo, na leo wote walikuwa wamerudi kukaa naye kwenye kiti kile cha plastiki.

"Mama, hiyo namba inasemaje?"

Binti yake alikuwa kwenye kiti cha magurudumu pembeni yake, mkono mmoja umeshika mshono wa tumbo. Alipasuliwa jana. Mume wake alikuwa safarini, anarudi na basi la jioni, kwa hiyo walikuwa wawili tu, mama na mwana.

"Inasema anajitahidi," Mama Kengele akajibu.

"Sijakuuliza hivyo. Usiniongeleshe kama unavyowaongelesha wazazi wengine."

"Iko sawa kwa sasa. Ila ni dawa ndiyo inayoishikilia. Yeye mwenyewe bado hajaweza."

"Na dawa ikiisha?"

"Inawekwa nyingine. Ndiyo kazi ya Twiga."

Twiga alikuwa muuguzi wa zamu upande ule, kijana mrefu kupita kiasi, ambaye tangu alipoajiriwa alikuwa anagonga paji la uso kwenye taa za kuwapasha watoto joto. Mama Kengele ndiye aliyemfundisha kazi, akamkaripia hadi akanyooka. Sasa kijana alikuwa anapita mbele yake kwa adabu ya ajabu, kama mtu anayepikia mgeni aliyewahi kuwa na hoteli. Alifungua dirisha dogo la inkubeta, akambonyeza mtoto kifuani kwa ncha ya kidole, akaachia, akatazama ngozi iliyopauka inachukua muda gani kurudisha rangi. Kisha akaitoa nepi, akaiweka kwenye mizani ndogo.

"Kavu?" Mama Kengele akauliza, kabla hajajizuia.

"Kavu, Sista." Twiga akaweka nyingine. "Lakini rangi inarudi vizuri kuliko asubuhi. Huyu mume wako ni mbishi, atakojoa tu."

"Akikojoa mwambie nampikia pilau," bibi akasema, na binti yake akacheka kidogo, kisha akashika mshono kwa maumivu. Kicheko chenyewe kilikuwa cha kwanza tangu jana.

Pembeni ya inkubeta, kwenye stendi, ilikuwepo pampu. Ni kisanduku kinachobeba bomba la sindano lililojaa dawa, na kulisukuma taratibu mno kiasi kwamba jicho halioni. Dawa ile haidumu mwilini. Ikikatika kidogo tu, presha inaporomoka. Kwa hiyo pampu hulia mara mbili. Mara ya kwanza hulia kwa upole, bomba likikaribia kuisha, ili muuguzi aanze kuchanganya jingine. Mara ya pili hulia kwa ukali, bomba likiwa tupu, na hapo umeshachelewa. Zile pampu za zamani, na hii ilikuwa mojawapo, ukiinyamazisha kengele ya kwanza hairudii tena. Inakuamini. Inangoja mpaka mwisho.

Mchana ule, upande wa pili wa chumba, mtoto mwingine alisahau kupumua. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati wana mtindo huo. Monita yake ikapiga kelele, daktari akakimbia, na Twiga naye akaenda kwa hatua tatu za miguu yake mirefu. Wakamzunguka mtoto yule, migongo yao ikageukia huku.

"Twiga anarudi sasa hivi," Mama Kengele akasema, japo hakuna aliyemuuliza.

Binti yake alikuwa anamtazama yeye, si mtoto.

"Unajua nimekumbuka nini?" akasema. "Siku ile nilipokuwa na homa, darasa la pili. Nilikushika nguo nikakuomba usiende kazini."

"Mwanangu, hayo ya zamani..."

"Ngoja nimalize. Uliniambia kuna watoto wadogo zaidi yangu wanakuita. Nikawachukia hao watoto. Miaka mingi nimewachukia, watoto wa watu, hata siwajui. Sasa wangu ndiye amelala hapo, nami naona aibu."

Mama Kengele aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliiacha ile namba, akamwelekea mwanawe mwili mzima. Maneno yale yalimchoma, na yalimchoma kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Ndipo pampu ikalia, tii-tii, tii-tii, kwa sauti ya upole, nyuma ya bega lake la kulia.

Mkono wake ukanyanyuka. Haukumuuliza. Ulikwenda nyuma, ukakipata kitufe bila kutazamwa, kama mtu anavyoipata swichi ya taa ya chumbani kwake gizani, kidole gumba kikabonyeza, na mkono ukarudi mapajani. Kazi ya miaka yote ile ilikuwa imekaa mkononi, na mkono haukuambiwa kwamba leo yuko likizo. Yeye mwenyewe hakujua. Alikuwa anasema, "Aibu ni yangu mimi, mama, si yako," na machozi yanamtoka, na binti yake ameinama mbele kumsikiliza.

Wakaongea. Wakasema waliyokuwa hawajawahi kusemeana, na kama si mahali pale, ungesema ni mazungumzo mema. Kule upande wa pili mtoto akaanza kulia, sauti nyembamba kama ya kifaranga, na Twiga akasikika akimshukuru Mungu.

Kisha pampu ikapiga kengele ya pili.

Mama Kengele akageuka. Bomba la sindano lilikuwa tupu, mpini umegota mwisho. Akatazama monita: ishirini na sita. Akapepesa macho: ishirini na tatu.

"Twiga," akaita. Akaita tena.

Kijana alishafika. Aliliona bomba, akasimama nusu sekunde, kisha mikono yake ikaanza kazi: kuvunja kichupa, kuvuta dawa, kuchanganya, kuandika lebo. Hakukosea hatua hata moja, na kila hatua ilichukua muda wake, kwani dawa ile huwezi kuikisia. Ishirini na moja. Daktari akaja akifunga glavu, akambonyeza mtoto kifuani, akaachia. Alama ya kidole ikabaki pale, nyeupe, kama alama kwenye unga uliokandwa.

"Mama, nini?" binti akauliza. "Nini? Mbona amebadilika rangi?"

Mama Kengele alikuwa anaisoma namba. Kumi na nane. Mapigo ya moyo nayo yakaanza kulegea, na ile sauti ya monita, ambayo kila siku kwake ilikuwa kelele za kawaida za ofisini, ikawa inahesabu uhai wa mtu wake. Kumi na saba. Daktari akasema waongeze oksijeni, akasema maji ya chumvi yawe tayari.

Twiga akaingiza bomba jipya, akaubana mrija, akaufungua, akawasha. Pampu ikasaga. Hakuna kilichotokea, na Mama Kengele alijua kwamba hakitatokea mara moja, kwamba dawa ina safari ya kusafiri ndani ya mrija kabla ya kumfikia mtoto, na kujua huko hakukumsaidia lolote. Kumi na saba. Kumi na saba. Kumi na tisa. Ishirini na tatu. Walikaa hapo kwenye ishirini na tatu muda ambao hakuna aliyepumua, halafu ishirini na saba, halafu ishirini na tisa.

Daktari akanyoosha mgongo. "Kwa nini hatukuisikia kengele ya kwanza?"

"Haikulia, daktari," Twiga akasema. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. "Ingelia ningeisikia hata nikiwa kule. Nazisikia mpaka nikiwa usingizini."

"Basi pampu imeharibika. Lete ile ya akiba, tubadilishe."

Hapo ndipo Mama Kengele alipokitazama kidole gumba chake cha kulia.

Yote yakamrudia: ule mguso wa mpira wa kitufe, ule ukimya uliofuata, yeye akiendelea kuongea. Twiga alikuwa ameshaivuta pampu ya akiba kutoka kwenye rafu, anaichomeka kwenye umeme, na alikuwa anafanya sawasawa na alivyofundishwa. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya Mama Kengele: pampu iliyokataa kulia mara moja haiaminiki tena, iondoe. Kuiondoa ni kuisimamisha dawa, kulihamisha bomba, na kungoja ile nyingine ishike mwendo. Kwa mtoto mwenye nguvu si kitu. Kwa huyu, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka kumi na saba, kushuka mara ya pili kunaweza kuwa kushuka kwa moja kwa moja.

Nitakwambia alivyofikiri, kwa sababu alifikiri, na si sekunde moja. Alifikiri kwamba Twiga ana mikono myepesi na huenda akaimaliza kazi salama. Alifikiri kwamba hakuna aliyemwona. Alifikiri kwamba nusu saa haijapita tangu mwanawe amrudie, baada ya miaka, na kwamba neno lile likimtoka mdomoni, atampoteza tena na safari hii kwa haki. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, sawa, lakini aliyekaa pale kwenye kiti cha magurudumu si Mungu. Ni mama aliyejifungua jana. Twiga akanyoosha mkono kuubana mrija.

"Usiitoe," Mama Kengele akasema.

"Sista?"

"Ni nzima. Ililia. Niliizima mimi."

Daktari akamtazama. "Una hakika?"

"Ililia mkiwa kule. Nimeizima kwa mazoea, nikaendelea kuongea. Sikujua mpaka sasa hivi. Pampu haina kosa, na huyu kijana hana kosa. Msiikate dawa tena, nawaomba. Hatahimili."

Twiga akauachia mrija taratibu, akarudisha mkono kifuani. Daktari akaitikia kwa kichwa mara moja. "Iache," akasema.

Namba ilikuwa thelathini. Binti yake hakuwa anaitazama namba.

"Uliizima," akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Nilikuwa nakueleza habari zangu, na wewe ukaizima kengele ya mwanangu."

Mama Kengele akakificha kidole gumba ndani ya ngumi.

"Toka nje, Mama," binti akasema. Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza.

Akatoka. Kwenye korido palikuwa na benchi la mbao ambalo kwa miaka yote alikuwa analipita na faili mkononi, akiwaambia waliokalia, "Subirini kidogo, mtaitwa." Leo akalikalia. Lilikuwa limechongwa na kucha za watu, ukingo mzima, alama ndogo ndogo ambazo hakuwahi kuziona. Akaweka mikono chini ya mapaja, akaikalia. Mlango ulikuwa umefungwa lakini sauti zilipenya, na yeye alizijua zote: hii ni ya oksijeni ya kitanda cha dirishani, hii ni dripu iliyoziba, hii si kitu, ni waya umechomoka. Kila ilipolia moja, akangoja mtu aizime. Kila ilipozimwa, akaogopa zaidi, kwa kuwa hakujua ni nani ameizima wala kama amebaki hapo.

Akaomba. Aliomba vibaya, bila mpangilio, akamwahidi Mungu vitu ambavyo hana. Wazazi wengine walipita, mmoja akamsalimia, "Shikamoo, Sista," akashangaa kuona Sista hajaitikia.

Jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa korido mlango ulipofunguliwa. Kiti cha magurudumu kikatangulia, Twiga akikisukuma, na kwa haraka yake akagonga paji la uso kwenye kizingiti. Hakuna aliyecheka. Binti yake alikuwa amebeba kitu mapajani, kimekunjwa. Akakinyoosha.

Mama Kengele akakipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nepi, ndogo kama leso, nzito kidogo, na ya moto.

"Amekojoa," binti akasema. "Twiga alitaka kukuletea yeye. Nikamwambia hapana."

Mama Kengele aliishika nepi ile. Alilia kama mtu asiyejua chochote kuhusu hospitali, akiwa ameukumbatia mkojo wa mume wake kifuani, juu ya gauni la njano.

"Presha?" akauliza mwishoni.

"Thelathini na sita," Twiga akasema. "Daktari anasema akiendelea hivi, kesho ataanza kupunguza dawa. Akiendelea hivi."

Uso wa binti ulikuwa umechoka, na hasira ilikuwa bado ipo, mtu angeiona. "Sijakusamehe," akasema. "Ila wewe ndiye uliyesema ile pampu isitolewe. Nimekaa mle ndani nikiwaza ungenyamaza ingekuwaje." Akavuta pumzi. "Unaweza kurudi. Lakini mikono yako nakaa nayo mimi."

Wakarudi. Mama Kengele akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaitoa mikono yote miwili, na mwanawe akaichukua, akaifumbata kwenye mapaja yake na kuibana. Hakukuwa na mapenzi mengi katika kubanwa huko. Wakakaa hivyo wakimtazama mtoto, kifua chake kikipanda na kushuka, na wote wawili walikuwa wanaogopa, sasa hofu ya aina moja.

Pampu ikalia, tii-tii, tii-tii, kwa upole.

Mkono wa kulia wa Mama Kengele ukaruka. Binti aliusikia ukiruka ndani ya viganja vyake, akaubana zaidi, mpaka vidole vikauma, kisha akageuza shingo.

"Twiga," akaita, "inalia."

Naye hakuuachia mkono ule mpaka Twiga alipofika.